Pampu ya upepo kwenye mawe ya Munigi

Munigi, kilomita chache kaskazini mwa Goma kwa barabara ya Rutshuru, shimo la choo halichimbwi, huvunjwa. Chini ya vumbi jeusi kuna lava ya volkano ya Nyiragongo iliyoganda tabaka juu ya tabaka. Januari 2002 ardhi ilipasuka karibu na hapa, lava ikatoka na kuteremka hadi mjini. Mwenye subira huuvunja mwamba huo kwa mtaimbo na nyundo. Mwenye haraka na fedha hutafuta kompresa na nyundo ya upepo. Kompresa ikishafika uwanjani, kuna chombo kingine inachoweza kukiendesha, nacho ndicho nataka tukizungumze: pampu ya viwambo inayosukumwa na upepo, ule ule upepo wa kujazia matairi.

Mwamba wa Munigi una tabia mbili zinazoamua kazi ya pampu. Kwanza, hunywa maji. Mvua ikinyesha inapotelea kwenye nyufa, wala hakuna kijito cha kuonekana. Kwa hiyo fundi wa hapa hapambani na mashimo ya msingi yaliyojaa maji kama wenzake wa Dar es Salaam au Mombasa. Pili, haukubali shimo refu, kwa hiyo vyoo huwa vifupi na hujaa mapema. Kazi ya pampu hapa ni kuhamisha vitu kutoka chombo hadi chombo: maji kutoka lori hadi tangi, uchafu kutoka fosi (shimo la choo) hadi mapipa, mazutu (dizeli), maji ya klorini, magadi ya kutengenezea sabuni.

Nasisitiza habari ya fosi kwa sababu mahali hapa pana historia. Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda, kati ya 500,000 na 800,000, walivuka mpaka na kuingia eneo la Goma katika siku chache, na Munigi ikawa mojawapo ya kambi zao. Kipindupindu kilithibitishwa tarehe 20 Julai. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Maji yalikuwa mbali, na mwamba haukuruhusu kuchimba vyoo wala makaburi. Kwa hiyo nikifika kwenye usafi wa pampu sitalegeza neno hata moja.

Kwanza tuielewe pampu yenyewe. Ndani kuna vyumba viwili, na kila chumba kimegawanywa na kiwambo, yaani sahani ya mpira inayonyumbuka, ambayo mafundi wa Goma huiita mambrani na wa Nairobi dayaframu. Upande mmoja wa kiwambo ni upepo, upande wa pili ni kimiminika. Viwambo viwili vimeungwa kwa mhimili mmoja mfupi. Vali ya upepo iliyo katikati huingiza hewa nyuma ya kiwambo cha kwanza, nacho kinasukuma kimiminika nje huku mhimili ukimvuta mwenzake anyonye. Wakifika mwisho vali inageuza. Hupokezana kama watu wawili wanaotwanga kinu kimoja. Gololi nne, mbili chini na mbili juu, hufungua na kufunga njia ili kimiminika kiende upande mmoja tu. Mmarekani Jim Wilden aliunda ya kwanza mwaka 1955, na umbo lake bado ni lile lile.

Kutokana na umbo hilo unapata mambo ambayo pampu ya mota haikupi. Haina umeme, kwa hiyo haina cheche za mota. Inaweza kufanya kazi kavu kwa muda bila kuungua. Ukifunga njia ya kutokea, inasimama yenyewe, na ukifungua inaendelea. Inapitisha tope na mchanga kiasi. Unaweza kuitumbukiza mahali ambapo injini ya petroli ingemuua mtu kwa moshi. Nguvu yake haizidi ya upepo unaoipa: baa 1 ya upepo hunyanyua maji takriban mita 10, kwa hiyo baa 4 haziwezi kuvuka mita 40, na ukiondoa msuguano wa bomba utapata pungufu.

Sasa lile ambalo ningependa kila mwenye pampu hii alishike. Mafundi huikagua upande wa kimiminika, kwa sababu huko ndiko kuna uchafu na harufu. Lakini nyingi huharibikia upande wa upepo: hewa chafu, hewa yenye maji, hewa nyingi kupita kiasi, bomba jembamba. Anza uangalizi huko.

Upepo wa mahali palipoinuka

Ziwa Kivu lenyewe liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, uwanja wa ndege wa Goma uko zaidi ya mita 1,500, na Munigi iko juu zaidi. Hewa ya hapa ni nyepesi. Kompresa inayovuta hewa nyepesi hujaza tangi kwa muda mrefu zaidi, na ukilinganisha na kibati cha kiwandani utakuta imepungukiwa takriban sehemu moja kati ya saba. Injini yake ya dizeli isiyo na tabo nayo hupoteza zaidi ya sehemu moja ya kumi ya nguvu zake. Kwa hiyo ukiambiwa pampu fulani inahitaji lita 1,000 za hewa kwa dakika, usinunue kompresa iliyoandikwa 1,000. Tafuta ya 1,300 au zaidi.

Uwiano wa kompresa na pampu ndipo watu wengi wanapopoteza fedha. Kompresa ya gereji ya nguvu ya farasi 2 au 3 hutoa lita mia mbili na kitu za hewa kwa dakika. Hiyo itaitosha pampu ya nusu inchi. Ya inchi 1 itaiendesha polepole na kwa vipindi. Pampu ya inchi 2 ikiachiwa kabisa inaweza kula lita 3,000 kwa dakika, na hiyo ni kazi ya kompresa ya kuvutwa na gari, ile inayoendesha nyundo za kuvunjia mwamba. Ukiifunga pampu ya inchi 2 kwenye kompresa ya matairi itapiga mara chache, itasimama kungoja tangi lijae, itapiga tena. Inayoteseka hapo ni kompresa, maana haipumziki.

Bomba la upepo lisiwe jembamba kuliko tundu la pampu. Mtu hununua pampu ya tundu la robo tatu ya inchi, halafu anaiunga kwa mpira mwembamba wa kupulizia vumbi, kisha anashangaa imelegea ilhali geji ya kompresa inaonyesha baa 7. Weka geji na regyuleta pale pale mwanzoni mwa pampu, usome shinikizo wakati inapiga, si wakati imesimama. Ikiwa sindano inashuka kwa baa 2 kila pigo, bomba lako ni jembamba au ni refu mno.

Hewa ikishindiliwa hutoa maji. Asubuhi za Munigi ni baridi na zenye unyevu, hasa mawingu yanaposhuka kutoka mlimani, na maji hayo hukusanyika ndani ya tangi la kompresa. Fungua koki ya chini ya tangi kabla ya kazi, na tena katikati ya siku, mpaka itoke hewa kavu. Kati ya kompresa na pampu weka chujio lenye kikombe cha kukusanyia maji. Vumbi nalo ni la kuangaliwa: vumbi la lava ni kali kama vipande vidogo vya kioo, na likiingia kwenye chujio la kunyonyea la kompresa litaziba au litapita na kukwaruza silinda, kisha litaifuata hewa hadi kwenye vali ya pampu. Sogeza kompresa mbali na mahali nyundo inapopiga, upande upepo unakotokea. Chujio lake lipulizwe kila siku ya kazi ya vumbi, kutoka ndani kwenda nje.

Hewa yenye maji huleta jambo ambalo wengi hawalitarajii karibu na ikweta: barafu. Hewa iliyoshindiliwa inapotoka ghafla kupitia sailensa, pale upepo uliokwisha kazi unapotokea kwenye pampu, hupoa sana, na unyevu wake huganda papo hapo. Pampu inapungua kasi, inasimama, na fundi anaifungua bila kukuta kitu, kwa sababu barafu imekwisha kuyeyuka. Ukiona sailensa ina ukungu mweupe au imefunikwa na theluji nyembamba, usifungue chochote. Funga upepo, ngoja dakika kumi, mwaga maji ya kompresa, punguza shinikizo, endesha polepole. Pampu kubwa inayopiga taratibu haigandi kirahisi kama ndogo inayokimbizwa.

Kuhusu oili, soma kijitabu cha pampu yako. Pampu nyingi za siku hizi hupakwa grisi kiwandani na hazitaki oili kwenye hewa. Ukiiongeza, inaosha ile grisi na kuacha vali ikauke. Za zamani huhitaji matone. Hakuna kanuni moja kwa zote.

Shinikizo la kazi liwe dogo kadiri kazi inavyoruhusu. Pampu za chuma nyingi huandikwa kiwango cha juu baa 8.6, za plastiki mara nyingi karibu 7, lakini hicho ni kikomo. Kusukuma maji kutoka lori hadi tangi lililo juu ya nyumba, mita sita hivi, baa 3 zinatosha kabisa. Kiwambo kinachopigwa taratibu hudumu mara nyingi zaidi ya kile kinachokimbizwa.

Upande wa kunyonya

Wepesi wa hewa ya hapa unapunguza pia uwezo wa kunyonya. Pampu yoyote hainyonyi kwa nguvu zake tu. Hewa ya nje ndiyo inayosukuma maji yapande kwenye bomba. Pwani, hewa inaweza kusimamisha maji hadi mita 10 na kidogo zaidi. Munigi haivuki mita 8.5 hivi, na hapo ni kabla ya kutoa hasara za bomba, gololi na uzito wa tope. Usipange kunyonya zaidi ya mita 3 kwa pampu kavu, na kwa tope zito iwe chini zaidi. Badala ya kuiweka pampu juu inyonye kutoka mbali, iteremshe karibu na kimiminika, kwa sababu kukisukuma kwenda juu ni rahisi kuliko kukinyonya.

Bomba la kunyonyea liwe lenye waya ndani, maana bomba laini hubanana. Liwe pana kama tundu la pampu au zaidi, fupi, na lipande bila kilima cha katikati ambapo hewa inaweza kujificha. Viungo vyake vyote vikazwe, na uzi upate tepu nyeupe. Mwanya mdogo usiovuja hata tone moja la maji unaweza kuingiza hewa ya kutosha kuiangusha pampu nzima. Ukitaka kuutafuta, paka povu la sabuni kwenye viungo huku pampu ikinyonya, povu litamezwa pale penye mwanya. Unapotaka kupunguza mtiririko, punguza upepo au bana upande wa kutokea. Usibane upande wa kunyonya hata siku moja: kiwambo kinavutwa dhidi ya utupu na kinapasuka mapema.

Unapowasha, fungua upepo kidogo kidogo. Pampu kavu inayopigwa kwa nguvu zote tangu mwanzo inarusharusha gololi na hainyonyi. Ikipigwa taratibu, gololi hutua vizuri na kimiminika hupanda.

Na kuna mtego katika mahali penye mteremko kama Munigi. Ikiwa tangi liko juu ya pampu na mdomo wa bomba la kutokea uko chini, kimiminika kitapita chenyewe hata pampu ikiwa imezimwa, kwa sababu gololi huzuia kurudi tu. Mazutu ya mtu yanaweza kwisha usiku kucha kwa namna hiyo. Weka koki kwenye njia ya kutokea, uifunge kila unapoondoka. Tangi likiwa juu zaidi ya mita 7 kutoka pampu, uzito wake wenyewe huanza kukichosha kiwambo.

Fosi na vyoo

Hapa ndipo nataka tukae kidogo. Katika Afrika Mashariki kumekuwa na juhudi za kumwondoa mtu ndani ya shimo: mradi wa MAPET ulijaribiwa Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1980, na UN-Habitat ikaleta mashine ya Vacutug iliyojaribiwa Kibera, Nairobi, katika miaka ya 1990. Pampu ya viwambo ni ndugu wa juhudi hizo, na ubora wake ni kwamba injini inabaki mbali barabarani huku bomba la upepo tu likiingia uani, penye njia nyembamba ambayo lori la kunyonya haliwezi kufika.

Adui wake ni takataka. Vitambaa, mifuko, pedi, chupa: choo cha Munigi, kama vyoo vingine, kimepokea vyote hivyo. Pampu ya gololi ya inchi 2 hupitisha vipande vya milimita 6 hivi, ya inchi 3 karibu milimita 9 au 10. Kwa hiyo kwanza ondoa takataka kwa kulabu ndefu ukiwa juu, halafu tumia kikapu cha waya kwenye mdomo wa bomba, chenye matundu madogo kuliko uwezo wa pampu. Zipo pia pampu za viwambo zenye vimlango bapa badala ya gololi, ambazo hupitisha vipande vikubwa zaidi. Mwenye kufanya kazi hii kila siku azitafute hizo.

Tope la chini huwa zito, halinyonyeki bila kuongezewa maji na kukorogwa. Maji safi Munigi ni ghali na hubebwa kwa bidoni, usiyamwage shimoni. Kusanya maji yaliyokwisha kufulia nguo au kuoshea magari siku mbili kabla, uyatumie hayo. Koroga kwa mti mrefu, nyonya, koroga tena.

Mtu asishuke. Watu wa Goma wanaijua mazuku, ile hewa nzito ya kaboni dioksaidi inayojikusanya mabondeni, hasa upande wa magharibi wa mji karibu na ziwa, na inayoua watu na mifugo bila harufu. Nyufa za lava za Munigi nazo hupitisha gesi kutoka chini, na juu ya hiyo fosi ina gesi zake zenye sumu na nyingine zinazowaka. Usipime kwa mshumaa wala kibiriti; gesi ya fosi ikilipuka, aliyeinama juu ya shimo ndiye wa kwanza kupata. Bomba literemshwe kwa kamba. Likikwama, livutwe kwa kamba.

Vaeni buti, glavu ndefu na miwani. Viungo vya bomba vifungwe kwa klemu mbili mbili, kwa sababu bomba lenye shinikizo likichomoka litawarushia wote. Mapipa yajazwe yasifike ukingoni, yafunikwe, yapelekwe pale mamlaka iliporuhusu. Wala isifikiriwe kuyamwaga kwenye ufa wa mwamba ulio karibu. Mwamba huu hauchuji. Kinachomezwa hapa juu kinateremka kuelekea ziwani, na ziwani ndiko Goma inakochota.

Kazi ikiisha, pampu inyonye maji ya kawaida mpaka yatoke meupe, kisha maji ya klorini ya asilimia 0.5, yakae humo dakika kumi. Kama mwili wa pampu ni wa aluminiamu, suuza tena mara moja, maana klorini huila. Igeuze juu chini, imwage yote. Vyumba vyake hubakiza kimiminika hata ukidhani ni tupu. Na pampu hii, hata ioshwe vipi, isiguse maji ya kunywa.

Mazutu, petroli, klorini, sabuni

Kila kimiminika kina mpira wake. Naitrili huvumilia mazutu na petroli. EPDM huvimba ndani ya mafuta na kuharibika, lakini ndiyo nzuri kwa klorini na magadi. Tefloni huvumilia karibu kila kitu, ila ni ghali na hainyumbuki sana, kwa hiyo pampu yake hunyonya kwa unyonge kidogo. Muuzaji anayesema “hii ni ya kila kitu” bila kuonyesha jina la mpira, muulize tena.

Kwa petroli, hatari ni umeme tuli. Mafuta yakipita bombani huzalisha umeme, na kwa kawaida tunautuma ardhini kwa fito ya shaba. Mwamba mkavu wa lava haupitishi umeme vizuri, kwa hiyo fito iliyochomekwa katikati ya mawe yaweza isisaidie kitu. Kinachookoa ni kuunganisha: waya wa shaba kutoka tangi la kwanza hadi mwili wa pampu hadi tangi la pili, ufungwe kabla hujafungua kifuniko chochote na ufunguliwe mwisho kabisa. Fito ipigiliwe penye udongo wenye unyevu ukiupata, na fundi wa umeme aipime. Tumia pampu ya chuma na bomba lililotengenezwa kwa mafuta. Mdomo wa bomba ufike chini ya chombo ili mafuta yasiruke kama mvua, na anza polepole mpaka mdomo uzame. Bidoni ya plastiki ishushwe chini, isijazwe juu ya gari. Kompresa ya injini ikae mbali, upande upepo unakotoka. Unga bomba kwenye tundu la sailensa ulipeleke nje, kwa kuwa kiwambo kikipasuka mafuta yatatokea huko.

Wenye kuandaa maji ya klorini wajue kwamba chembechembe za klorini huacha masalio meupe ya chokaa. Acha yatulie, nyonya ya juu yaliyo safi, la sivyo masalio yatajaa chini ya gololi. Pampu iwe ya plastiki. Kwa magadi makali ya kutengenezea sabuni, aluminiamu ni marufuku kabisa: huliwa na kutoa gesi ya haidrojeni inayowaka. Mawese ya asubuhi ya baridi huwa mazito, hata kuganda. Yapashe moto hadi karibu digrii 40 kabla ya kuyapeleka kwenye pampu.

Kwa maji ya kunywa tenga pampu, mabomba na ndoo, vipakwe rangi moja, na visikopeshwe. Wakati lava ya tarehe 22 Mei 2021 ilipoharibu mitambo na mabomba ya maji ya upande huu, watu wengi wa Goma na eneo la Nyiragongo walibaki wakitegemea malori na matangi ya muda. Siku kama hizo ndipo kishawishi cha kuazima pampu ya mafuta huja. Pampu ya inchi 2 ikienda kwa mwendo wa wastani wa lita 200 kwa dakika hujaza tangi la lita 5,000 kwa dakika 25, na kundi la majirani likichanga linaweza kuwa na ya kwake.

Kuisikiliza

Pampu nzima hupiga kwa mdundo sawa. Ikiwa bado mpya, jaza bidoni ya lita 20 na uhesabu mapigo, kisha uyaandike kwa rangi kwenye mwili wake pamoja na shinikizo ulilotumia. Baada ya miezi, rudia. Mapigo yakiongezeka kwa bidoni ile ile, gololi au viti vyake vimeliwa, na huku Munigi mchanga mweusi wa volkano huvila haraka. Mdundo ukichechemea, pigo moja refu na moja fupi, gololi ya upande mmoja imekwama; mara nyingi ni kijiwe au uzi wa kitambaa. Pampu ikipiga kwa kasi bila kutoa kitu, tafuta hewa inayoingia upande wa kunyonya.

Mapovu yakitokea kwenye njia ya kutokea na viungo vya kunyonya viko sawa, kiwambo kimetoboka. Kimiminika kikitoka kwenye sailensa, hakuna shaka tena: simamisha, ondoa bomba la upepo mara moja, kwa sababu uchafu au mafuta yanaweza kurudi hadi kwenye kompresa. Upepo ukivuja kwenye sailensa bila kukoma huku pampu imesimama, ni vali ya upepo au mipira yake midogo. Ifungue juu ya kitambaa safi, ioshe kwa kitu kisichoharibu mpira, uikague kama ina michirizo, na uirudishe kwa grisi inayotakiwa.

Ukibadilisha viwambo, badilisha vyote viwili hata kama kimoja kinaonekana kizima. Vimefanya kazi sawasawa. Angalia alama ya upande wa hewa. Kaza bolti kwa kupokezana, msalaba kwa msalaba, kidogo kidogo. Pampu ya plastiki ikazwe tena siku ya pili ikiwa baridi, kwa kuwa plastiki na mpira hulegea baada ya kazi ya kwanza. Usifungue chochote kabla hujafunga upepo, hujauachia uliobaki na hujachomoa bomba.

Kabla ya kulipa fedha za pampu yoyote, uliza bei ya kifurushi cha vipuri: viwambo viwili, gololi nne na viti vyake, mipira ya vali ya upepo, sailensa moja. Ukikuta muuzaji hana wala hajui atavipata wapi, nunua ya aina nyingine, hata kama ni ghali zaidi. Kifurushi kikae ndani ya mfuko uliofungwa, mahali pakavu pasipopigwa na jua, pamoja na kijitabu na spana zinazoenea bolti za pampu hiyo.